Mama anahamia kwangu, na ndugu wameanza kugawana vitu vyake

*Shikamoo shangazi. Mama yetu ana miaka 79, anakaa Mikindani peke yake tangu baba afariki. Mwaka huu alianguka uani akavunjika nyonga. Amefanyiwa upasuaji, anatembea na fremu, lakini hawezi tena kukaa peke yake. Nimekubali aje kwangu hapa Mtwara mjini, nina chumba cha futi 10 kwa 10. Nyumba yake ina vyumba vitano na vyote vimejaa: masanduku mawili ya khanga, cherehani ya miguu ya marehemu baba, vyombo vya shughuli, picha, makaratasi ya shamba la mikorosho alilorithi kwao. Kaka yangu wa Dar anataka tuuze vyote pamoja na nyumba, la sivyo tumpeleke makazi ya wazee. Mdogo wangu ameshabeba sanduku moja la khanga bila kumuuliza mtu. Mama akiulizwa anajibu "fanyeni mtakavyo", halafu usiku analia. Nianzie wapi? Binti Mkubwa, Mtwara.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Mama yenu yu hai. Naanza na hili kwa sababu mambo mnayoyafanya ni ya watu waliotoka kuzika: huyu kabeba sanduku, yule anatafuta mteja wa nyumba, na mwenye mali kakaa pembeni anatazama. Usiichukue "fanyeni mtakavyo" kama ruhusa. Mzee husema hivyo akishaona kwamba uamuzi umepita bila yeye. Basi urudisheni uamuzi mikononi mwake, na kilio cha usiku kitapungua chenyewe.

Makazi ya wazee ya serikali yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na mtu huingia kupitia ustawi wa jamii. Mama mwenye watoto watatu si wa huko. Mwambie kaka hivyo kwa upole, kisha mpe kazi yake: alipie kitanda, gari na dawa. Aliye mbali akipewa sehemu ya mzigo, maneno yake hupoa.

Suala la nyumba ni zito zaidi. Kama aliijenga na baba yenu, jasho lake limo ndani, na sehemu ya baba ina warithi. Je, mirathi ya baba ilifunguliwa? Kama haikufunguliwa, hakuna wa kuuza, awe kaka au mama mwenyewe, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila huanzia Mahakama ya Mwanzo. Dalali atakayewaambia kwamba barua ya serikali ya mtaa inatosha, mwepukeni.

Kuhusu sanduku lililobebwa, usimpigie mdogo wako simu ya ugomvi. Mwambie: "Mama atakaa Jumamosi kuchagua khanga zake, lirudishe ili aanze na zako." Akikataa, mtumieni mtu mzima anayeheshimiwa na wote. Kwa Wamakonde na Wamwera mjomba ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya namna hii, na mjomba akisema sanduku lirudi, litarudi.

Baada ya hapo shika makaratasi, kabla hujagusa sufuria hata moja. Tafuta kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha baba, karatasi za nyumba, za shamba, stakabadhi za chama cha msingi anakouzia korosho, kadi ya benki, kadi za hospitali pamoja na picha za eksirei za nyonga. Wazee huficha karatasi chini ya godoro, ndani ya debe la unga, baina ya khanga zilizokunjwa, ndani ya msahafu. Kwa hiyo kunjua kila nguo na pekua kila kitabu kabla ya kutoa kitu nje. Zipige picha kwa simu, toa nakala, halisi zitie kwenye bahasha ngumu. Siku ya kuhama bahasha hiyo ishikwe mkononi, isipande kwenye gari la mizigo. Malipo ya korosho yaendelee kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe, na ndugu wote wajue ni nani anayekwenda naye benki.

Sasa chumba. Usikisie kwa macho: chukua chaki uchore sakafuni. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kikae kona, ubavu mmoja ukutani, na upande anaoshukia ubaki wazi futi 3, maana fremu ya kutembelea inataka nafasi ya kugeuka. Mwenye nyonga iliyovunjika hatakiwi kukaa chini sana. Godoro likiwa juu ya kitanda, urefu uwe kama sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni, ili akikaa ukingoni nyayo zikanyage chini na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Mbele ya kitanda panaingia sanduku moja la futi 3. Upande wa pili, kabati dogo na kiti kimoja chenye mikono. Hapo chumba kimejaa. Mkeka wake anaoupenda usiutandike kwenye vigae, utateleza na kumwangusha mara ya pili. Mtundikie ukutani.

Mama aoneshwe mchoro huo wa chaki, au picha yake, kabla ya kuchagua. Akishaona mwenyewe kwamba sanduku ni moja, ataanza kupanga kichwani bila kusukumwa.

Anzeni uchambuzi mahali pasipouma: stoo, jikoni, ndoo, madumu. Khanga na picha ziwe za mwisho kabisa. Familia nyingi hufanya kinyume, huanza na albamu kwa sababu inavutia, saa ya kwanza tu watu wanalia na kazi inalala. Fanyeni asubuhi baada ya chai, saa moja au moja na nusu, halafu basta. Mama akae kwenye kiti, vitu vimfuate kimoja kimoja. Ukimuuliza "unataka hiki?" atajibu ndiyo kwa kila kitu, au hapana kwa kila kitu akiwa amekasirika. Muulize: "Hiki kiende na wewe, au kiende kwa nani?" Jina atakalolitaja liandike palepale kwenye kipande cha karatasi na ukibandike. Akisita, kiende kwenye rundo la "bado" bila mjadala. Kutoka Mikindani hadi mjini ni kama kilomita 10 tu, hakuna haja ya kumaliza yote kwa safari moja.

Mkiweza, maliza kabla ya Oktoba. Msimu wa korosho ukianza, kila mwenye nguvu yuko shambani au anafuatilia mnada, hutapata mikono. Na mvua zikianza, nguo ulizozifunga na unyevu utazikuta zimeota ukungu.

Vyombo vya shughuli viulizie kwanza: ni vya mama, au ni vya kikundi na yeye mtunzaji tu? Sufuria za pilau na masinia ya kuazimana mtaani mara nyingi yana alama ya rangi kitakoni. Geuza kila chombo uangalie. Vya kikundi vikabidhiwe kwa orodha, mbele ya wanawake wawili watatu wa kikundi. Vilivyo vyake, mwombe aviache viendelee kupikia harusi za Mikindani chini ya mtu atakayemteua. Sufuria ya kilo 20 haina kazi kwenye jiko lako, na mama atafurahi kusikia kwamba bado inaitwa "sufuria ya Bibi Fulani".

Cherehani ndiyo huharibika njiani kuliko kitu kingine. Watu huipakia nzima, kichwa juu na meza chini, barabara inatikisa, kichwa kinaanguka kinapasuka. Chuma chake ni cha kalibu, hakipindi, kinavunjika. Fanya hivi: chomoa mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, inua kichwa kama unayetaka kukipaka mafuta, na nyuma yake utaona bawaba mbili zenye skrubu moja moja. Legeza skrubu hizo huku mtu mwingine ameshika kichwa kwa mikono miwili, kisha kivute kitoke. Kifunge kwenye blanketi na kisafiri mapajani mwa mtu. Skrubu, mkanda na bobini vitie kwenye kifuko na ukifunge kwenye miguu ya mashine. Ikifika ipake mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hugandia na kuikaza. Na kwa kuwa ilikuwa ya baba, ni ya warithi wote: andikeni kwamba anayekaa nayo anaitunza tu, isije ikaleta kesi baadaye.

Khanga ndipo moyo wake ulipo. Doti ya harusi, doti aliyopewa alipojifungua wewe, doti za sare za misiba ya dada zake. Achague za kuvaa, kama doti 10 au 12, zilizolainika kwa kufuliwa. Achague nyingine chache za kuweka tu. Zilizobaki azitoe kwa mkono wake, moja kwa binti huyu, moja kwa mjukuu yule, akisema ilikotoka. Weka simu pembeni irekodi sauti. Dakika 15 au 20 zinatosha kwa kikao. Za kuweka zifuliwe bila wanga, maana wanga huita mende, zianikwe kivulini mpaka zikauke kabisa, zifungwe kwenye shuka la pamba. Usitumie mfuko wa nailoni: kwa joto letu la pwani jasho hubaki ndani na madoa ya ukungu hayatoki. Karafuu maiti itie kwenye kitambaa, isigusane na nguo. Kila baada ya miezi mitatu minne zikunjue, uzikunje kwa mistari mingine, kwani kitambaa hukatikia kwenye mkunjo wa siku zote.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Utang'oa sura za watu. Iache na kioo chake, peleka karibu na dirisha, uipige kwa simu ukiwa umeinamisha kidogo ili mwanga usimeremete. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hukandamiza na kuvujia mbele. Muulize mama nani ni nani sasa, wakati anawakumbuka. Nakala zihifadhiwe kwenye simu za watu wawili na flashi moja. Hapo kila mtoto atakuwa na albamu, na zile halisi zitakaa na mwenyewe.

Rundo la "bado" na fanicha zisizoingia mjini, ziwekeni kwenye chumba kimoja cha nyumba yake, kifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mama. Vyumba vinavyobaki mnaweza kuvipangisha kwa mkataba wa maandishi, kodi ikamtunza yeye, ila tu aridhie na warithi wajue. Kwenye chumba hicho hakuna kitu kukaa sakafuni wala kuegemea ukuta. Inueni juu ya matofali, muache nafasi ya mkono kutoka ukutani, maana mchwa hupanda kwa ukuta wakijenga vijia vya udongo. Mtu afungue madirisha kila wiki na akague vijia hivyo. Vumbi laini kama unga chini ya kabati maana yake bungua wameingia, litenge kabati hilo lisiambukize mengine.

Mama akitaka kumpa mmoja wenu kitu kikubwa, kama dhahabu yake au kipande cha shamba, ifanyike kama hiba, sasa hivi akiwa na akili timamu: atamke, mpewa akubali, na kitu kikabidhiwe kweli. Hiba ya mdomo ambayo kitu kimebaki kabatini huleta ugomvi siku ya mirathi. Wasia wa Kiislamu ni jambo lingine: hauzidi theluthi moja ya mali, na haumpi mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Nendeni kwa sheikh mnayemwamini, iandikwe, mashahidi watie sahihi, na kaka wa Dar apigiwe simu ya video aone.

Siku ya kuhama, kirikuu kimoja kinatosha kama mmefuata mchoro. Kitanda, sanduku na kiti vitangulie na vipangwe, shuka lake mwenyewe litandikwe, ndipo mama aletwe, kwa gari la kukaa mbele na kiti kilichosukumwa nyuma. Bajaji haifai kwa nyonga hiyo, inarusha. Wiki za kwanza mtu alale chumbani mwake. Usiku ataamka akielekea upande choo kilipokuwa Mikindani, gizani, nusu usingizini, na hapo ndipo wengi huanguka tena. Acha taa ndogo ikiwaka, ondoa kandambili njiani, fremu iwe pale mkono wake unapofika.

Baada ya mwezi mpelekeni nyumbani kwake kutwa moja, afungue chumba chake mwenyewe na kulitazama rundo la "bado". Vingine ataviachia siku hiyo. Vingine atasema viendelee kukaa, na vikae.