Kamshafti kali na Weber mbili kwenye Datsun 160J, nilivyofunga yangu

Mkuu umeuliza kama ukiweka kamshafti kali na kabureta mbili za Weber kwenye 160J yako yenye injini ya L16 itakimbia, na uanze na kipi, na kwamba kuna kamshafti muuzaji amekutajia. Itakimbia, ila ukifunga kimoja ukaacha kingine umenunua kelele tu. Kamshafti inainua vali juu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu zaidi, sasa kama hewa bado inapita kwenye kabureta moja ya zamani na ekzosi ni ileile nyembamba, hiyo nafasi ya ziada inajazwa na nini? Mimi yangu hapa Arusha nilifunga vyote kwa mpigo.

Kamshafti usinunue kwa sifa. Watu wanakumbuka Datsun Violet (ndo hiyohiyo 160J) ya Shekhar Mehta, dereva wa rali wa Kenya, ilivyobeba Safari Rally miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, basi na wao wanataka kamshafti ya digrii 300, yaani vali inakaa wazi digrii 300 za mzunguko wa injini. Aisee ile ilikuwa gari ya kiwanda, wewe unaenda sokoni na kupeleka watoto shule! Chukua ya digrii 270 hivi, sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) inatulia na chini nguvu ipo.

Kwenye kufunga ndo mafundi wengi wanaharibu. Kabla hujatoa gia ya juu ya taimingi, chonga kabari ya mbao, ifunge kamba isije ikadumbukia, ipige katikati ya cheni, maana cheni ikilegea tu tenshena, kile kinachoikaza, inachomoka na hapo utafungua kava lote la mbele. Vile viti vinavyoshika kamshafti usivifungue kwenye hedi, vilitobolewa vikiwa vimefungwa palepale na ukivirudisha havikai sawa tena, kamshafti unaivuta polepole.

Halafu kuna kile kichuma kama kifungo cha shati kinachokaa juu ya vali, roka (mkono unaosukumwa na kamshafti kufungua vali) inakanyaga hapo. Kamshafti iliyosagwa upya inakuwa nyembamba mgongoni kwa hiyo vichuma vya zamani havifai, unahitaji vinene zaidi. Kupima ni rahisi, paka wino wa maka usoni kwa roka, zungusha injini kwa mkono na spana, kisha angalia wino umefutika wapi. Alama iwe katikati, ikiwa imekimbilia ukingoni badilisha unene wa kichuma mpaka ikae. Fundi akikwambia hayo ni mambo ya vitabuni tafuta mwingine. Na roka ziwe mpya au zimesagwa pia, ya zamani itakula kamshafti mpya. Tapeti, yaani nafasi ya vali, seti injini ikiwa ya moto, 0.25 mm upande wa hewa na 0.30 ekzosi, ila kama kamshafti yako imekuja na vipimo vyake fuata hivyo.

Siku ya kuwasha, kila kitu kiwe tayari, mafuta, maji, taimingi, usianze kuhangaika na sailensa, ikishawaka tu ipandishe mizunguko elfu 2 na kitu kwa dakika na uishikilie hapo dakika 20 ili kamshafti na roka zizoeane huku zikipata oili ya kutosha. Oili weka nzito ya kizamani, 20W-50.

Weber za mdomo wa mm 40 zinatosha sana kwa injini ya 1600, tena ukipata zile kabureta mbili aina ya SU za Datsun SSS, ile ya kimichezo, usizidharau, bei nafuu na haziumizi kichwa. Angalia na breki, sailensa ya kamshafti kali inapunguza mvuto wa hewa kwenye manifoldi na sevo, ile inayosaidia mguu kwenye breki, inaweza kukuachia pedo ngumu.

Jeti sasa, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, hewa nyepesi, kwa hiyo jeti inayofaa Dar huku inamwaga petroli, plagi nyeusi na moshi. Mimi nimeshuka namba kidogo. Ila ukiteremka Tanga na jeti za huku mambo yanageuka, petroli inakuwa pungufu, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka, kwa hiyo nikienda pwani nabeba jeti kubwa kwenye kikopo na kuzibadilisha kabla sijaanza kukanyaga. Weber kazi hiyo haihitaji kushusha kabureta, unafungua kifuniko cha juu tu.

Hiyo kamshafti uliyotajiwa, mwambie muuzaji apige picha upande wa nyuma ambako huwa kuna herufi, uiweke hapa tuone ni ipi.