Usifute faili asili eti kwa sababu umeshazichoma kwenye DVD

Subiri kwanza. Umeuliza utumie programu gani kugeuza video zako za MP4 ziwe DVD itakayochezwa kwenye deki ya wazazi wako, ununue diski za aina gani, menyu inatengenezwaje na maandishi ya tafsiri yanawekwaje. Lakini sentensi iliyonishtua ni ile ya mwisho, uliyoiandika kama jambo dogo tu: kwamba ukishamaliza kuchoma utafuta faili zote ili kompyuta ipate nafasi. Tafadhali usifute. Mengine yote ukiyakosea utayarudia kesho, lakini hilo halirudiwi.

Mimi nilipewa ushauri huo huo na fundi aliyesifika kwa kazi hizi, nikaufuata. Alinihakikishia kwamba DVD ni hifadhi ya kudumu, kwamba kilichokwisha kuchomwa hakipotei, na kwamba kuendelea kuweka faili kubwa kwenye kompyuta ni kujaza nafasi bure. Tulikuwa na saa nne za sherehe ya familia, zilizopigwa kwa kamera nzuri ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, na ndani yake mlikuwa na hotuba ya marehemu baba. Saa zote nne zikashindiliwa kwenye diski moja, kisha faili zikafutwa. Sasa baba anapoinua mkono kusisitiza jambo, vidole vyake vinavunjika na kuwa vijisanduku vya mraba, na anapogeuza uso kuwatazama wageni wa upande wa pili, mstari wa shavu lake unabaki nyuma kidogo kabla ya kuufuata. Sauti yake inasikika vizuri. Sura yake hatutaipata tena kama kamera ilivyoiona, na fundi yule bado ananitia hasira, kwa sababu alikuwa na kila nafasi ya kuniambia ukweli na aliujua, maana ndiyo kazi iliyomlisha.

Ukweli wenyewe ni huu. DVD ya video haiwekwi MP4 yako kama ilivyo. Inadai picha ya MPEG-2, yaani iliyobanwa kwa njia maalumu ya DVD, ambayo kwa mfumo wa televisheni wa PAL ni pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, na kwa mfumo wa NTSC, unaotumika Marekani na Japani, ni 720 kwa 480 na fremu 29.97. Zidisha mwenyewe: 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600, na 720 kwa 576 ni pikseli 414,720, yaani moja ya tano kamili. Kwa hiyo, kabla hata ubanaji haujaanza, sehemu nne kati ya tano za picha yako zimekwisha kutupwa, na hakuna programu duniani itakayozirudisha kutoka kwenye diski hiyo.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la nafasi. Diski ya kawaida ya GB 4.7 (kompyuta nyingi huionyesha kama 4.37, kwa sababu huhesabu kwa njia nyingine, wala hujaibiwa) ukiigawa kwa saa mbili inakupa takriban megabiti 5.2 kwa kila sekunde, picha na sauti pamoja, na hicho ni kiwango kinachotazamika vizuri. Ukiigawa kwa saa nne unabaki na 2.6 tu, ilhali kanuni za DVD zinaruhusu picha peke yake kufika 9.8. Programu nyingi ukiziambia zijaze kila kitu kwenye diski moja hutii, zinapunguza biti (kiasi cha data kwa kila sekunde) kimyakimya na kukuletea ujumbe kwamba kazi imekamilika. MPEG-2 huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na biti zikipungua, mipaka ya vijisanduku hivyo ndiyo inayojitokeza, hasa pale watu wanapocheza, wanapotembea au kamera inapozunguka. Kwa hiyo, kama video zako zinazidi saa mbili, tumia diski mbili, au tumia diski ya tabaka mbili yenye GB 8.5 ikiwa kichomeo chako kinaikubali.

Usidanganyike pia kwa kutazama dakika chache za mwanzo na kuridhika. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko makosa ya kusomeka hujitokeza zaidi, hivyo diski mbovu inaweza kuanza vizuri kabisa kisha ikaganda karibu na mwisho, deki ikibaki inakwaruza na picha imesimama. Isitoshe, diski za nyumbani zinazochomwa mara moja tu, yaani DVD-R, huhifadhi data katika tabaka la rangi ambalo jua, joto na unyevu hulichosha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba DVD ni nakala ya kutazamia. Hifadhi ni faili asili, nayo ikae mahali pawili tofauti, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje.

Kuhusu kuchoma kwenyewe, usiburute MP4 na kuziweka kwenye diski tupu, kwa sababu hapo utapata diski ya data, na deki ya zamani itakuambia haiwezi kuisoma. Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili nako hakubadilishi kilichomo ndani. Deki inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye faili za IFO, BUP na VOB, na sauti iliyo katika kiwango cha kilohezi 48. Programu ya DVDStyler ni ya bure na inakutengenezea yote hayo. HandBrake, programu ya kubadilisha aina za faili za video ambayo mtu mwingine aliyekujibu amekupendekezea, haitoi DVD kabisa. Jaribu kwanza kwenye DVD-RW, ambayo inafutika, na ukiridhika uchome kwenye DVD-R kwa kasi ya wastani, uhakikishe programu imeifunga diski mwishoni (finalize) ili deki iweze kuisoma, kisha ucheze sehemu ya mwisho ya video kwenye deki nyingine tofauti na kompyuta iliyochoma.

Na kama ulikwisha kuanza kufuta kabla ya kusoma haya, acha kuitumia kompyuta hiyo sasa hivi. Usinakili wala kusakinisha kitu chochote kwenye diski ya kompyuta iliyokuwa na faili hizo, kwa maana kwenye diski kuu ya kuzunguka faili iliyofutwa mara nyingi bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za uokoaji zinaweza kuipata. Kwenye SSD, yaani diski ya kompyuta isiyozunguka, uwezekano huo ni finyu zaidi, kwa sababu mfumo wenyewe husafisha sehemu zilizofutwa. Tuambie kompyuta yako ina diski ya aina gani kati ya hizo mbili, na usiwashe kichomeo kwanza.