Ukianza kusoma moyo, fuata presha kabla ya majina

Mwaka wangu wa kwanza niliijua njia ya damu kama mtoto anavyojua sala. Vena kava, auriko ya kulia, ventriko ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena za mapafu, auriko ya kushoto, ventriko ya kushoto, aota. Auriko ni vyumba viwili vya juu vya moyo, ventriko viwili vya chini; vena kava hurudisha damu moyoni, aota ni mshipa mkuu unaoitoa. Ungeniamsha usiku wa manane ningeitaja yote bila kukwama. Basi siku ya mtihani wa mdomo mwalimu hakuniuliza njia. Aliuliza, "Ventriko ya kushoto ikijikaza, kwa nini damu isirudi ilikotoka?" Nikajibu haraka kwamba kuna vali. "Na vali inajuaje kwamba sasa ni wakati wa kufunga?" Nikabaki namkodolea macho.

Jibu ni kwamba vali haijui chochote. Ni vipande vyembamba vya utando, mlango usio na mlinzi. Presha ikizidi upande wa nyuma yake, inafunguka; ikizidi upande wa mbele, inafungwa. Damu inatoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo, na huo ndio uzi unaoshona somo zima. Ninyi mnaoanza sasa, iwe uuguzi, utabibu au maabara, ushikeni huo kwanza. Majina mtayakariri tu, hakuna namna, lakini yakariri ukiwa tayari unajua kwa nini damu inaenda huko.

Mimi nilielewa kwa vidole, si kwa kitabu. Tulipewa moyo wa ng'ombe kwenye beseni, kisu na glavu. Kabla hujakata, ubonyeze. Upande mmoja unabonyea kama mfuko, upande mwingine ni mgumu kama msuli wa paja. Huo mgumu ni wa kushoto. Kwa binadamu ukuta wa ventriko ya kushoto ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia, na sababu yake ni ileile: ventriko ya kulia inasukuma damu mapafuni tu, hapo jirani, kwa presha ya milimita kama 25 za zebaki, kipimo cha presha. Ya kushoto inasukuma hadi ubongoni na hadi kwenye kidole gumba cha mguu, kwa presha ya kama 120. Kiasi cha damu kinachotoka kila upande ni kilekile, takriban mililita 70 kwa kila pigo kwa mtu mzima aliyetulia. Kinachotofautiana ni ukinzani unaowangoja mbele.

Na hapa nitoe onyo ambalo watu hulipuuza mpaka liwagharimu maksi: kushoto na kulia ni kwa mwenye moyo, si kwako unayetazama mchoro. Ventriko ya kushoto inachorwa upande wa mkono wako wa kulia. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa tatu wakichanganya.

Turudi kwenye beseni. Kata ventriko ya kushoto, tazama nyuzi nyeupe zinazotoka ukutani kwenda kwenye kingo za vali. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniambia nyuzi hizo huvuta vali ifunguke. Hapana. Zinaizuia isipinduke kuelekea auriko, kama mwavuli unavyopinduka kwenye upepo, pale ventriko inapojikaza kwa nguvu. Vuta moja kwa kibano uone ilivyo ngumu kukatika.

Kisha fanya jambo moja ambalo silisahau. Acha kipande cha aota kikiwa kimeshikana na moyo, kisimamishe wima, umimine maji ndani yake taratibu. Chini utaona vijifuko vitatu vinajaa, vinavimba, vinakutana katikati. Maji yanasimama. Hakuna aliyevigusa, uzito wa maji yenyewe ndio uliovifunga. Mimi nilishangilia mapema, maana baada ya muda maji yalianza kupungua. Nikadhani nimeichana vali. Mwalimu akaniambia nichungulie vizuri juu kidogo ya vile vijifuko, na kweli palikuwa na matundu mawili. Ni midomo ya ateri za moyo wenyewe, zile zinazoulisha msuli wake.

Tundu hizo mbili zinafaa saa nzima ya kufikiri. Ventriko ya kushoto inapojikaza, inaibana mishipa iliyomo ndani ya ukuta wake, hivyo yenyewe inapata damu yake nyingi inapolegea, wakati vali ya aota imeshafungwa na presha iliyobaki ndani ya aota inaisukuma damu kwenye matundu hayo. Sasa fikiria mapigo yanapokwenda mbio sana. Muda unaokatwa zaidi ni ule wa kulegea. Yaani moyo unafanya kazi zaidi huku muda wake wa kula ukipungua. Ukilielewa hili ukiwa mwaka wa kwanza, mambo mengi ya magonjwa ya moyo yatakuja kwako yenyewe baadaye.

Kuhusu umeme wa moyo sitakaa sana, una masomo yake. Jua tu kwamba pigo linaanzia kwenye kinundu kidogo kilicho sehemu ya juu ya auriko ya kulia, wala halisubiri amri ya ubongo. Neva zinaongeza au kupunguza kasi tu. Ishara ikifika katikati, kati ya auriko na ventriko, inacheleweshwa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ucheleweshaji huo una maana: bila huo, auriko na ventriko zingejikaza pamoja na ventriko isingepata muda wa kujaa.

Sauti nazo. "Lab-dab" mnayoisikia kwenye stetoskopu ni ya vali zinapofungwa, si msuli unapopiga. Ya kwanza ni vali zilizo kati ya auriko na ventriko, ya pili ni zile za aota na ateri ya mapafu. Ukipotea ukashindwa kujua ipi ni ya kwanza, shika mapigo ya shingoni upande mmoja huku unasikiliza: sauti inayokuja pamoja na pigo ndiyo ya kwanza. Upande mmoja, nasema. Usibane pande zote mbili za shingo kwa pamoja, utamzimisha mtu.

Sasa mishipa. Kosa la kawaida ni kusema ateri hubeba damu yenye oksijeni na vena hubeba isiyo nayo. Ateri ya mapafu inakuumbua papo hapo. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi, basi. Na damu ya vena si ya buluu. Ni nyekundu iliyokoza, rangi ya buluu unayoiona mkononi ni mwanga unavyopita kwenye ngozi.

Mshipa ninaoupenda zaidi ni ule ambao wengi huuruka: ateri ndogo kabisa, zile kabla ya kapilari, mishipa myembamba kuliko yote. Hapo ndipo presha inaposhuka sana. Zina msuli wa kujibana na kujiachia, na hesabu yake inatisha kidogo: kipenyo cha mshipa kikipungua nusu, ukinzani unapanda mara 16. Ndiyo maana mwili hauhitaji kubana sana ili kupandisha presha, na dawa nyingi za kushusha presha zinafanya kazi ya kuilegeza misuli hiyo. Ukifika kwenye kapilari, chembe nyekundu inapita kwa kujikunja, mojamoja, na kwa mwendo wa pole, chini ya milimita moja kwa sekunde. Kapilari moja ni nyembamba mno, lakini zikijumlishwa zote eneo lake ni kubwa kuliko la aota mara nyingi, na mto ukitanuka maji hupunguza mwendo. Pole hiyo ndiyo inayoipa oksijeni nafasi ya kutoka.

Vena zenyewe ni ghala: zaidi ya nusu ya damu yako iko humo muda huu. Presha yake ni ndogo, kwa hiyo zinategemea vali, misuli ya miguu na pumzi. Kazi ya vali hizo daktari Mwingereza William Harvey aliionyesha kwenye kitabu chake cha mwaka 1628, kwa mkono uliofungwa kitambaa, na unaweza kulirudia jaribio lake ukiwa umekaa hapo. Funga juu ya kiwiko bila kubana sana mpaka vena zitokeze. Weka kidole kwenye vena moja, sehemu ya chini, ubonyeze. Kwa kidole kingine isukume damu kuelekea juu, upite kifundo kidogo kinachoonekana, ndipo vali ilipo, kisha uondoe kidole hicho cha juu. Kipande cha kati kinabaki kitupu, hata ukijaribu kuirudisha damu chini haikubali. Ondoa kidole cha chini: kinajaa mara moja, kutokea chini. Harvey pia alipiga hesabu rahisi, kwamba moyo unatoa kwa nusu saa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini, kwa hiyo lazima iwe inazunguka. Kapilari zenyewe hakuziona. Zilikuja kuonwa na daktari Mwitaliano Marcello Malpighi mwaka 1661, kwa hadubini, kwenye mapafu ya chura.

Mkifika wodini mtapewa mashine ya presha mkidhani ndiyo kazi nyepesi. Wiki yangu ya kwanza niliandika presha ya 168 kwa 98 kwa mama mmoja mnene, nikaenda kuripoti kwa kujiamini. Muuguzi mkuu akaja, akatazama mkono, akauliza mkanda huu ni wa nani. Ulikuwa mdogo kwa mkono wake. Mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Isitoshe mama alikuwa ameingia muda huohuo, miguu inaning'inia, mkono hauna pa kuegemea, na mimi nikimpigisha stori wakati mashine inasoma. Alikaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Mkanda mkubwa. Ikasoma 138 kwa 84. Namba ile ya kwanza ingeweza kumwanzishia dawa.

Mapigo nayo, shika kwa vidole viwili au vitatu, siyo gumba, maana gumba lina pigo lake utajihesabu mwenyewe. Ukihisi hayako sawa, yanaruka ruka, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Hesabu dakika nzima. Na andika kwamba hayako sawa. Daktari anataka kujua hilo kuliko namba yenyewe.

Nimebakiza damu, ambayo wengi huisoma haraka wakiamini ni orodha tu: utegili, yaani maji ya damu, karibu asilimia 55, iliyobaki karibu yote ni chembe nyekundu, halafu chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, kidogo. Kaa na chembe nyekundu. Haina kiini. Imeacha kila kitu ili ibebe himoglobini, kile kinachoshika oksijeni, kwa hiyo haiwezi kujitengeneza, na inaishi kama siku 120. Ukijua hivyo, maswali ya upungufu wa damu yanakuwa matatu tu: hazitengenezwi za kutosha, zinavunjwa mapema, au zinamwagika. Kila ugonjwa utakaosoma, uliza ni lipi kati ya hayo.

Na ni nyepesi kupasuka, hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa natoa damu kwa sindano nyembamba, vena inakimbia, nikavuta bomba kwa nguvu. Nilipoipata nikaisukuma kwenye chupa kupitia sindano ileile, nikaitikisa kama dawa ya maji. Baada ya saa moja simu ikapigwa kutoka maabara: potasiamu iko juu sana, mgonjwa anaendeleaje? Mgonjwa alikuwa anasoma gazeti. Nikashuka mwenyewe. Mtaalamu wa maabara akainua chupa kwenye mwanga. Baada ya kuzungushwa kwenye mashine, maji ya juu yalitakiwa yawe ya manjano, yalikuwa mekundu kama juisi. Ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu nyingi mno kuliko nje yake, na mimi nilikuwa nimezipasua zote hizo njiani. Akanipa chupa nyingine bila neno. Nikapanda kumwomba yule mzee radhi na mkono wake wa pili.