Kwa nini Uingereza hufungwa vibaya kwenye kriketi ikitoka nyumbani?

Mkuu, umeuliza kama ni woga unaowafanya Uingereza wachapwe kwenye kriketi ya mechi za siku tano wakienda Australia na India. Sikubaliani kabisa.

Anza na mpira wenyewe. Kwao wanatumia mpira wa chapa ya Duke, mshono wake umeinuka na unapinda hewani muda mrefu, hasa mawingu yakitanda. Australia ni chapa ya Kookaburra: ukichakaa kidogo tu haupindi tena, na mrushaji asiye na kasi anakuwa chakula cha wapigaji. Ndiyo maana huko Australia 2013/14 walilala 5-0 kwenye mfululizo wa mechi tano, kisha 4-0 mara mbili, 2017/18 na 2021/22.

India ni habari nyingine. Udongo mkavu unapasuka, mpira ukidunda unakata kona. Ahmedabad, Februari 2021, walipata mikimbio (pointi za kriketi) 112 zamu ya kwanza ya kupiga, halafu 81 zamu ya pili, mechi ya siku tano ikaisha ndani ya siku mbili! Na wengi walitolewa na mipira iliyonyooka ya Axar Patel, mrushaji wa India wa mipira ya kuzungusha, wao wakisubiri kona ambayo haikuja. Hayo ni mazoea ya mguu na jicho.

Kinachoniuma ni ratiba za sasa, mechi za maandalizi ni chache mno. Mwaka 2012 walishinda mfululizo huko India 2-1 kwa sababu warushaji wao Swann na Panesar walijua kuuzungusha mpira, na mpigaji wao Cook alikuwa na subira ya kupiga kutwa nzima.