Mleta uzi, mirija itupe leo leo

Umeandika kwamba Alhamisi unang'olewa gego la mwisho la chini hapo Tanga mjini, na umeshaagiza madafu pamoja na mirija ili usihangaike kutafuna. Umeuliza pia kama ufunge kula kabla, kama utakula pilau la harusi Jumamosi, na habari za bei na ruhusa ya kazini. Madafu hayana neno. Mirija itupe, na asikudanganye mtu.

Gego likitoka linaacha shimo kwenye taya, na damu inajaa humo na kuganda. Lile donge la damu ndilo dawa yenyewe. Linafunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Ukivuta mrija, donge linaweza kuchomoka likaacha mfupa wazi, na mate, chakula na hewa vyote vinaupiga. Madaktari wa meno wanaita drai soketi, na magego ya chini ndiyo yanayopatwa zaidi.

Mimi yamenikuta. Nilitoka kung'olewa mdomo ukiwa bado na ganzi, nikapita duka la dawa kununua vidonge. Muuzaji akaniangalia shavu akasema, "Vinywaji tumia mrija, visikuguse kidonda." Kavaa koti jeupe, anaongea kwa uhakika, ningembishia nini? Nikanywa madafu kwa mrija asubuhi na jioni. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, maumivu yakapungua, nikaanza kuwaambia watu nimeshapona.

Halafu usiku yakarudi, na hayakuwa yale ya mwanzo. Yalitoka kwenye taya yakapanda sikioni, kichwa upande mzima kikawa kinagonga. Vidonge vilivyonituliza jana yake nikavimeza kama maji. Mdomo ukatoa harufu mbaya, na ladha chungu haiondoki hata unywe nini. Kulala nilishindwa, nikawa nazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri. Mama alikuwa ananitazama tu, hana la kunifanyia.

Daktari aliposafisha lile shimo na kuweka dawa yenye mafuta ya karafuu, nilipata nafuu palepale. Lakini ilibidi nirudi tena na tena kubadilishiwa, na kila kurudi ni nauli, ni kazi imelala. Na kwa sababu nimetaja karafuu, usije ukachukua za jikoni ukazishindilia shimoni. Ile ni dawa iliyoandaliwa, anaiweka daktari.

Yule muuzaji bado ananiudhi mpaka leo. Kama kitu hukijui, kusema "muulize daktari aliyekung'oa" kunakupunguzia nini? Unampa mgonjwa ushauri wa kubuni, halafu wewe usiku unalala. Na walioning'oa nao wana lao: karatasi waliyonipa ilisema "ale vyakula laini", basi. Mrija haukutajwa. Kutema hakukutajwa. Mtu anaenda nyumbani na kidonda kwenye mfupa, anapewa maneno matatu!

Kwa hiyo shika hili: usinyonye, usiteme. Dafu mimina kwenye kikombe unywe taratibu, maana hata ukilitia mdomoni kwenye tundu lake bado unanyonya. Juisi ya pakiti vilevile, na aisikrimu za kufyonza kwenye mfuko. Mate yenye damu usiyateme kwa nguvu, yaache yadondoke kwenye beseni. Kama unatafuna tambuu, acha kabisa mpaka pafunge, kwa sababu unatafuna, unatema, na tumbaku imo humohumo. Sigara ndiyo mbaya kuliko vyote: unavuta, na moshi wenyewe unachelewesha kidonda kupona. Kusukutua subiri saa 24 zipite, kisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Inamisha kichwa huku na huku, fungua mdomo yamwagike yenyewe.

Kuhusu kufunga kula kabla: ukichomwa sindano ya ganzi tu, kula vizuri kabla hujaenda, kwa sababu baadaye hutakula kwa raha. Kufunga ni kwa wanaolazwa kwa nusukaputi, kwa kawaida saa 6 bila chakula, na hao daktari huwaambia mapema. Ukitoka, usile mpaka ganzi iishe, utajing'ata shavu bila kujua. Chai na kahawa za moto ziache siku ya kwanza. Uji uliopoa, mtindi na viazi vya kuponda vinatosha.

Pilau la harusi Jumamosi, hapana. Punje za wali zinaingia shimoni na kukaa humo. Waambie wakuwekee.

Bei na ruhusa ya kazini wataeleza wengine. Mimi nina moja zaidi. Drai soketi kwa kawaida huanza kati ya siku ya 1 na ya 3 baada ya kung'oa, yaani wakati unadhani umeshapona. Maumivu yakishapungua kisha yakapanda tena, usiongeze vidonge, rudi kwa daktari. Ukihesabu kuanzia Alhamisi, siku hizo ni Ijumaa mpaka Jumapili. Waulize kabla hawajakugusa: Jumapili nikizidiwa, nani yupo?