Sarafu ngeni mkononi? Soma mwaka wake kwanza

Fundi mmoja wa magari hapa Jinja aliniletea sarafu nyeupe aliyoiokota chini ya kiti cha gari lililotoka Japani. Upande mmoja maua, upande wa pili 100, na chini yake 63. "Mzee, hii ni ya 1963, lazima ina bei," akasema. Haikuwa ya 1963. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na ile 63 ni ya enzi ya Showa, inayoandikwa 昭和. Ukiona alama hizo mbili, jumlisha 1925: inakuja 1988. Zikiwa 平成, yaani Heisei, jumlisha 1988. Zikiwa 令和, Reiwa, jumlisha 2018. Ilikuwa yeni mia ya kawaida, ya kununulia soda.

Tangu hapo, nikioneshwa sarafu ya Asia siulizi bei. Nauliza mwaka wake umeandikwa kwa hesabu ya nani. Ukishalijua hilo, nchi inakuwa karibu.

Sisi tuliopita madrasa tuna faida ambayo wengi hatuitumii. Katika kopo la sarafu aliloniachia babu, mlikuwa na moja ya shaba yenye picha ya mizani na tarakimu za Kiarabu ١٢٩٩, yaani 1299. Nilihangaika nayo wiki nzima nikidhani ni ya Uarabuni au Uajemi. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Hapo unapata 1882. Ilikuwa pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, imetoka pwani hadi kwenye kopo la babu! Angalia tu usichanganye: kiduara kinachofanana na sifuri yetu ni tano, na sifuri yenyewe ni nukta.

Iran wana mwaka wao wa jua, jumlisha 621. Nepal, toa 57. Thailand, toa 543, kwa hiyo sarafu ya mwaka 2550 haijakosewa, ni ya 2007.

Za India zisikushangaze. Kabla ya 1920 rupia ya India ilitumika hapa Uganda, na robo ana (ana ni sehemu moja ya kumi na sita ya rupia) yenye kichwa cha Malkia Victoria bado inapatikana katika masanduku ya wazee. Lakini hapa ndipo watu wanapoibiwa. Kuna vipande vilivyoandikwa East India Company, kampuni ya Waingereza iliyotawala India, mwaka 1818, na picha za miungu ya Kihindu: Hanuman, au Rama na Sita. Jamaa mmoja Kampala alinitaka shilingi milioni 2 kwa kimoja, akiapa kwamba kinavuta punje za mchele kwa nguvu za ajabu. Kampuni ile haikutoa ana yenye Hanuman. Ana za Kampuni za kutumika India nzima zilianza 1835. Vipande vya Rama na Sita vipo vya kweli, lakini ni vya ibada. Wahindu huviweka mahali pa sala, navyo vinastahili heshima hiyo. Vipande hivyo vya ibada havikuwa fedha ya sokoni.

Ya Kichina yenye tundu la mraba, igeuze. Ikiwa na wanyama kumi na wawili mgongoni, ni hirizi. Nyingi za enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, zina herufi za Kimanchu, lugha ya ukoo huo, upande huo, zimesimama wima kushoto na kulia mwa tundu.

Rupia ya fedha ya Victoria ipeleke kwa sonara akupimie: inatakiwa iwe na gramu 11.66, ipungue kidogo tu kwa kuchakaa. Ikinaswa na sumaku, achana nayo.

Na tafadhali, usiisafishe. Ile ya Zanzibar niliisugua kwa ndimu na jivu kabla sijajua ni nini. Mizani bado inaonekana, lakini jina la Sultani limefutika nusu.