Pedali sio ya kupikia mtori

Juzi saa tano usiku kuna dogo kanitumia meseji, yuko Sakina huko Arusha, anapiga kinanda kwaya ya vijana. "Shikamoo mwalimu. Nimeanza ile Nocturne ya Chopin, Op. 9 namba 2. Mkono wa kulia nimeushika wote ila nikiweka pedali kila kitu kinakuwa uji, na pale karibu na mwisho kwenye zile noti ndogondogo vidole vinakwama. Nifanyeje?" Marahaba mdogo wangu. (Kwa wageni: Chopin ni mtunzi wa piano wa zamani kutoka Poland, Nocturne ni kipande chake cha taratibu cha piano, na pedali ni kile cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya sauti iendelee kuvuma.) Nilitaka nikujibu kwa voisi nikaona haitatosha, na nyie mnaouliza hilohilo mko wengi, bora niandike mara moja wote msome.

Kwanza niringe kidogo, mnivumilie. Jumamosi iliyopita nimeipiga hiyohiyo Nocturne Arusha mjini, kwenye piano yenyewe ya nyuzi, sio ya kuchomeka ukutani, mbele ya watu kama arobaini, na zile kodi za mwisho (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazotakiwa zisikike kwa shida zilivyoisha ukumbi ukakaa kimya kama sekunde tatu hivi ndo makofi yakaanza. Kile kimya bwana! Bahasha nilipewa pia, ila kimya kile ndo nimekuja nacho Moshi.

Sasa mjue nilikotoka. Mwaka juzi ilikuwa sendofu ya binti wa shangazi yangu, hapahapa Moshi. Mimi na kiherehere changu nikaiambia kamati wamkataze DJ kuweka wimbo wa kuingilia, bibi harusi mtarajiwa ataingia kwa piano. Nilikuwa na wiki sita za mazoezi, kibodi ya kuazima, na viatu vya mtumba vya soko la Memorial vyenye soli nene kama tofali, na hivyo viatu sijawahi kupigia hata siku moja. Nikaanza vizuri tu. Nimefika mstari wa pili umeme ukakata. Giza. Watu wakawasha tochi za simu, mi nimekaa palepale nimeganda, na mguu umeganda juu ya pedali. Jenereta ikaunguruma, taa zikarudi, nikabonyeza swichi ya kibodi, MC ananikonyeza endelea, nikaanza upya.

Jamani. Nikikanyaga pedali sauti inakatika, nikiachia inavuma yote. Nikadhani ni masikio, nikadhani ni jenereta. Dada wa watu anatembea na wapambe wake taratibu na tabasamu lake, mi huku jasho linanidondokea kwenye funguo, kila noti inatoka kavu ta-ta-ta-ta. Kesho yake shangazi, tena kwa upole kabisa, ananiuliza, "Baba, jana ulikuwa unapiga kinanda au ulikuwa unashona?" Mpaka leo kwenye grupu la ukoo naitwa Fundi Cherehani. Wanacheka, nami nacheka, ila inauma.

Kilichotokea ni kitu kidogo cha kijinga. Kibodi nyingi zinapowashwa zinaisoma pedali ilivyo wakati huo, zinachukulia hapo ndo imepumzika. Ukiiwasha huku umeikanyaga inageuka, kukanyaga inakuwa kuachia na kuachia inakuwa kukanyaga. Dawa yake unazima, unatoa mguu, unawasha. Hakuna aliyewahi kuniambia, nami miaka yote nafundisha watoto wa watu.

Lakini aibu ile ilinifumbua macho kwa jambo jingine, na hili ndo nataka mlishike. Pedali iliponikimbia nilibaki sina kitu. Vidole vyangu vilikuwa vinaachia noti mapema, vinarukaruka, na miezi yote hiyo mguu ndo ulikuwa unaficha. Nilikuwa napika mtori. Mnajua mtori ukishapondwa, ndizi na nyama huwezi kutenganisha, na ukisema kuna nyama humo mtu inabidi akuamini tu. Kwenye sufuria sawa. Kwenye Chopin hapana.

Pedali ya kulia inafanya kazi hivi: ndani ya piano kila uzi (ukitoa zile za juu kabisa) una kipande cha felti kinachouzima, ukikanyaga vipande vyote vinanyanyuka kwa pamoja, hivyo hata nyuzi ambazo hujazigusa zinaitikia. Utamu wote uko hapo, na uchafu wote uko hapo. Kodi ikibadilika na mguu bado uko chini, kodi ya zamani inabaki inaongea juu ya mpya.

Wengi mnakanyaga pamoja na kidole. Ndo kosa lenyewe! Kidole kikishuka mguu unapanda, halafu sauti mpya ikishatoka ndo mguu unashuka kuidaka. Mguu unafuata nyuma, kama mwitikio unavyomfuata mwanzilishi. Jaribuni kwa kidole kimoja tu, do, re, mi, polepole mpaka mkereke: piga do, kanyaga, piga re huku unaachia, kanyaga tena. Kusiwe na pengo na kusiwe na noti mbili zinazopandana. Mimi nilifanya hivyo wiki nzima, peku, mke wangu akauliza kama kibodi imeharibika.

Kwenye Nocturne hii kila baa (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) ina mapigo manne makubwa, na kwenye kila pigo mkono wa kushoto unapiga besi moja, yaani noti ya chini, halafu kodi mbili. Kwa sehemu kubwa pedali inabadilika na ile besi, na Chopin mwenyewe aliandika alama zake, kwa hiyo msijitungie. Ila na akili itumike. Kazi hii ilichapishwa 1832, na piano alizozipenda, za Pleyel, zilikuwa nyepesi na sauti yake haikukaa muda mrefu kama za sasa. Alama zilezile kwenye piano kubwa ya leo zinaweza kukuletea mtori, ndo maana Ijumaa niliomba saa nzima niizoee ile ya Arusha, natafuta nusu ya mguu, robo ya mguu. Vipedali vyetu vya bei rahisi havina nusu, ni swichi tu kama ya taa. Na kama chako kinateleza kwenye marumaru, gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli chini yake, hakiendi popote.

Sehemu ngumu sasa. Watu wanaogopa mkono wa kulia kwa sababu ya marembo, yaani zile noti za kupambia melodi, lakini anayewaangusha ni wa kushoto. Besi iko mbali na kodi, unaruka kwa kubahatisha. Usibahatishe. Piga besi, ruka, tua juu ya funguo za kodi bila kuzibonyeza, angalia kama umefika, ndo upige. Ukishazoea fumba macho. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba aliwaambia mkono wa kushoto ndo kiongozi wa bendi, unashika muda, wa kulia ndo unaruhusiwa kujinafasi. Sisi wa kwaya hili tunalijua, soprano anaweza kuvuta noti anavyotaka ila mwalimu wa kwaya haachi kupiga mkono.

Marembo yaimbeni kwanza. Chopin naye aliwatuma wanafunzi wake wakasikilize waimbaji wa opera. Melodi inaanza so ya chini inapanda mi ya juu, mtu yeyote aliyekulia kwenye solfa anaiimba bila shida, na kila ikirudi inarudi imevaa zaidi. Ukiweza kuimba rembo kwa pumzi moja vidole vitajua pa kupumua.

Zile noti ndogondogo za mwisho, dogo, ni kikundi cha noti nne tu kinachojirudia mpaka uchoke, basi. Juu yake ameandika *senza tempo*, maana yake hapo usihesabu. Chagua vidole vyako leo, viandike kwa penseli, usibadilishe kesho. Mimi nilipiga kikundi kimoja na kusimama, viwili na kusimama, vitatu na kusimama, mwezi mzima, na metronomu ya simu, ile ya kuhesabia mapigo, sikuiwasha kabisa. Unaanza kwa utulivu, inachemka, halafu inapungua na kufifia yenyewe.

Na hapa niseme ukweli, mnichukie mkitaka. Vijana hamtaki kukaa. Wiki ya pili ushaweka klipu, kofia kichwani, macho umefumba kwa hisia, na mguu umelala juu ya pedali kama umekufa. Comenti mia, "uko vizuri kaka", "moto moto", na hakuna hata mmoja wa kukwambia kushoto kumeoza. Mungu kakupa masikio mawili, we unapigia kamera. Mimi nilisifiwa hivyohivyo miaka mingi, kanisani na nyumbani, mpaka umeme ulipokata.

Dogo wa Sakina, sasa kabla hujafanya chochote kati ya hivi, maana nimeisoma tena meseji yako na kuna kitu kinanitia wasiwasi: nenda kazime hiyo kibodi, toa mguu, iwashe tena. Ikiwa bado ni uji, nirekodie mkono wa kushoto peke yake, bila pedali, unitumie.